Sauti tano, lori moja: shajara ya ukarabati wa riwaya

Wiki ya 1

Hali ilivyo: sura 18, maneno yapata 52,000, wahusika wakuu watano. Lori linapakia vipuri vya migodini bandarini Dar es Salaam, linapanda hadi Tunduma, linaikata Zambia kutoka Nakonde mpaka Chililabombwe, kisha linaganda kwenye foleni ya Kasumbalesa, mlango wa kuingilia Kongo kwa anayekwenda Lubumbashi. Mwaka wa hadithi ni 2018. Mkasa umekaa vizuri na hatuugusi. Shida ni watu.

Wahusika wametoka Rombo, Tandika, Tunduma, Mombasa na Lubumbashi, lakini wote wanazungumza kama mtangazaji wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Palipotakiwa ladha, rasimu imenyunyiza: Mkongo kapewa "papa", Mmombasa kapewa "yakhe", kijana wa Dar kapewa "mambo vipi". Ni wali wa sufuria moja uliopakuliwa sahani tano, kila sahani na pilipili yake.

Kipimo tulichotumia ni rahisi na kila mwandishi anaweza kukifanya jioni moja. Chukua mistari 40 ya mazungumzo kutoka sura tofauti. Futa majina, futa "alisema", futa kila neno linalotaja mahali. Changanya, kisha mpe mtu ambaye hajaisoma rasimu, umwambie wasemaji ni watano na aigawe mistari hiyo mafungu matano. Rasimu yetu ilianguka vibaya: mistari ya dereva wa miaka 52 na ya utingo wa miaka 23 iliishia fungu moja.

Wiki ya 2

Kabla ya kugusa sentensi yoyote, kila mhusika kaandikiwa wasifu wa ukurasa mmoja. Urefu wa mtu, rangi ya shati na chakula anachopenda havimo, kwa sababu havikusaidii kumpa mtu ulimi. Maswali ni haya: Kiswahili alikipata wapi kwanza, kwa mama, shuleni, kanisani au barabarani? Wapi pengine ameishi zaidi ya miaka mitano? Yeye humnyenyekea nani, na nani humnyenyekea yeye? Anahesabu pesa kwa lugha gani, anasali kwa lugha gani, anatukana kwa lugha gani?

Hayo matatu ya mwisho yamezaa kuliko yote. Shirima, dereva, anasali Kiswahili kwa kuwa ni Mkatoliki wa Rombo aliyelelewa na rozari ya Kiswahili, lakini tairi likipasuka anatukana Kichaga. Kabange, mama anayepika Kasumbalesa, anasema Kiswahili cha Lubumbashi kutwa nzima, ila bei ikipanda anahesabu Kifaransa. Shomari, utingo, hana lugha nyingine ya kukimbilia, basi tofauti zake zote zimo ndani ya Kiswahili chenyewe: elfu moja ni buku, mia tano ni jero, noti nyekundu ya elfu kumi ni msimbazi. Mbele ya Shirima anasema elfu kumi. Akiwa na matingo wenzake hasemi hivyo kabisa.

Kwa fundi wa Mombasa wasifu uliokoa sura tatu. Rasimu ilisema tu "fundi wa Mombasa", ikampa Kimvita kizito. Lakini Mombasa ina watu wa kila namna. Mkamba aliyekulia Changamwe ni mtu wa Mombasa kindakindaki na hana Kimvita. Ikabidi tuchague, na tukachagua mzaliwa wa Mji wa Kale, mtu wa makamo, aliyeondoka kwao akiwa mtu mzima. Angekuwa ameondoka na miaka kumi, Kimvita chake kingekuwa kimeshakwanguliwa na barabara.

Wiki ya 3: majina

Wiki fupi, makosa mengi.

Dereva aliitwa Massawe na kwao Rombo. Massawe ni jina la Machame. Kwa msomaji wa Kilimanjaro hilo ni kama kumtoa mtu nyumbani kwake na kumlaza kwa jirani. Amekuwa Shirima.

Fundi aliandikwa "Salehe". Tahajia hiyo ni ya Tanzania. Mombasa wanaandika Swaleh, kama wanavyoandika Athman pale ambapo Tanzania utaona Athumani. Herufi mbili tatu tu, lakini karatasi ya kazi ya fundi inaonekana kwenye sura ya 9 na jina limo.

Karani wa wakala wa forodha pale Tunduma aliitwa Neema Simwinga. Kwa Wanyamwanga wa Tunduma na Nakonde, jina la ukoo la mwanamume huanza na Si-, la mwanamke na Na-: kaka ni Simwinga, dada ni Namwinga. Kwenye vyeti mwanamke anaweza kubebeshwa jina la baba kama lilivyo, na hilo tumelitumia: kwenye kitambulisho cha kazi ni Simwinga, mtaani na kwa mama yake ni Namwinga. Anayemwita kwa jina la kitambulisho ni mgeni, na msomaji anajifunza hilo bila kuelezwa.

Kabange alipewa jina hilo kwa sababu linasikika la Katanga, eneo la Lubumbashi. Kumbe kwa Waluba wa Katanga, Kyungu na Kabange ni majina ya mapacha: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Rasimu haikuwa na pacha. Njia mbili zilikuwepo, kubadili jina au kumleta Kyungu. Kyungu kaletwa: yuko Kolwezi anachimba kobalti kwa mikono, na simu zake ndizo zinazomfanya Kabange asiondoke mpakani. Hii ndiyo faida ya kusahihisha jina mapema; ukisubiri sura ya mwisho, unabaki na kubadili herufi tu.

Wiki ya 4 hadi ya 6: Kabange

Hapa ndipo muda ulipokwenda.

Kiswahili cha Lubumbashi kina sarufi yake, na anayekiona kama Kiswahili kilichovunjika ataandika mzaha hata kama hakukusudia. Tumemchagulia Kabange alama tano tu, na kila moja inafuatwa kwa uaminifu. Moja, ba- badala ya wa-, bi- badala ya vi- na mu- kamili: batu, batoto, bintu, mutu. Mbili, kiunganishi ni "ya" kwa kila nomino: batu ya lori. Tatu, "iko" inabeba kazi ambazo sanifu inazigawa kwa yupo, upo, kuna na ni. Nne, kionyeshi kinatangulia: ile mutu, hii bintu. Tano, "njo" ya kusisitiza: njo vile, njo maana.

Kwa nini tano na si kumi na tano? Kwa sababu ukibadili kila neno, msomaji wa Tanga au Kisumu anaanza kufumbua mafumbo badala ya kumsikiliza mtu. Ukiweka mbili, anaonekana kama Mtanzania anayeigiza. Tano zinatosha sikio kuzizoea ndani ya kurasa tatu hivi, kisha zinapotea machoni na sauti inabaki.

Mfano. Rasimu ya kwanza:

"Kuna ugali na kisamvu, kaka. Watu wa malori wanapenda sana kisamvu changu."

Sasa:

"Bukari iko, na sombe. Batu ya lori banapenda sombe yangu."

Maneno ya chakula hayo hayakuwekwa kwa pambo. Ugali Lubumbashi ni bukari. Ukivuka kurudi Zambia ni nshima. Majani ya muhogo ni sombe. Rasimu ya pili iliandika "pondu", neno la Kilingala linalosikika sana kwenye muziki wa Kinshasa, na ndiyo maana mwandishi wa mbali hulinasa kwanza. Mama wa Lubumbashi anapika sombe. Mtego huu ni wa kawaida: ukiitafuta Kongo kwa kusikiliza nyimbo, unaipata Kinshasa. Katanga iko mbali, na Kiswahili ndicho lugha ya sokoni.

Makosa mawili makubwa zaidi yalikuja baada ya sarufi kukaa sawa.

La kwanza: Kabange alisema hivyohivyo kwa kila mtu. Hakuna mtu wa namna hiyo. Kwa dada yake alama zote tano zinatoka, na Kifaransa kinachomoza katikati. Kwa Shirima anavuta kuelekea kile ambacho Katanga wanakiita Kiswahili bora, cha shule na kanisani, na alama zinapungua kuwa mbili au tatu. Kwa ofisa wa forodha anasema Kifaransa, kifupi, bila kupamba. Sura ya 11 ina watu hao watatu katika dakika kumi. Imeandikwa upya mara nne na sasa ndiyo sura yenye nguvu kuliko zote. Kuona mtu akibadili ulimi ni kuona anamwogopa nani.

La pili ni zito zaidi. Msimulizi wa sura alikuwa Shirima, kwa sanifu safi, naye Kabange alionekana ndani ya mabano ya usemi tu. Hapo hata sarufi yake ikiwa sahihi kabisa, msomaji anacheka, maana sanifu imekaa kitini na yeye kasimama. Tiba haikuwa kupunguza lahaja. Tiba ilikuwa kumpa sura zake. Sura nne sasa zinasimuliwa na Kabange mwenyewe, kwa lugha yake, na humo Shirima ndiye mwenye lafudhi: anauliza "kisamvu kipo?" na Kabange anabaki kumtazama, akijiuliza hiyo ki- inatafuta nini kwenye majani.

Uamuzi wa uchapaji: hakuna herufi za mlalo, hakuna tanbihi, hakuna faharasa mwisho wa kitabu. Neno likipigiwa mlalo linakuwa limevalishwa kitambulisho cha mgeni. Kama muktadha haulielezi, sentensi inaandikwa upya hadi ulieleze. Bukari inaeleweka kwa sababu Shirima ananawa mikono, anafinya tonge na kulalamika kuwa imechanganywa unga wa muhogo.

Wiki ya 7: Swaleh

Kimvita kinajulikana zaidi, na ndiyo sababu kinaharibiwa kwa kujiamini zaidi. Mtu anajua kwamba njoo ni ndoo, njia ni ndia, macho ni mato na mchele ni mtele, basi anachukua kitufe cha kutafuta na kubadilisha kwenye kompyuta na kugeuza kila kitu. Rasimu ikatoka na "ndina" kwa jina na "takula" kwa chakula.

Kanuni ni nyembamba kuliko hivyo. Badiliko la kwanza ni la nj kuwa nd: njaa, ndaa, nje, nde. J iliyo peke yake haiguswi, jina linabaki jina. Badiliko la pili ni la ch kuwa t, lakini ch inayotokana na kiambishi cha ngeli ya ki- haibadiliki: chakula, chumba, chombo, choo vinabaki. Maneno ya kuja kama chai yanabaki vilevile. Kucheka ni kuteka, na hapo utahitaji uangalifu: msomaji wa bara anaweza kusoma kuteka maji au kuteka nyara. Sentensi moja ya Swaleh ilisomeka kama kitisho. Tumeihamisha iwe baada ya mtu kufanya kichekesho kinachoonekana.

Kuna tofauti ambazo maandishi hayawezi kuzibeba. Kimvita kinatenganisha paa la nyumba na paa mnyama kwa pumzi kwenye p. Vivyo hivyo tembo la kunywa na tembo wa porini kwenye t. Tulijaribu kuandika "phaa". Ilionekana kama kosa la chapa. Imeachwa. Sauti hiyo msomaji wa Mombasa ataileta mwenyewe kichwani, na wa kwingine hatakosa kitu.

Kilichobaki kwa Swaleh ni kidogo kuliko tulivyodhani: nd na t hizo, wakati uliopo wa -a- (wataka nini, wajua), na salamu ndefu kabla ya kuuliza gari lina nini. Mfano: "Ndoo utizame mwenyewe. Mato yako yataona, mimi sitaki kukusemea." Yakhe imefutwa kote.

Wiki ya 8: barabara

Uhalisi wa lugha ukiwa sawa lakini wa barabara ukawa mbovu, dereva yeyote wa njia hii atakitupa kitabu kwenye sura ya 2.

Rasimu ilimteremsha Shirima mlima Kitonga akielekea Iringa. Anayetoka Dar anapanda Kitonga. Kuteremka ni wakati wa kurudi. Tukio la breki kushika moto likahamishiwa safari ya kurudi, na la kupanda likawa la gia ndogo, injini kuchemka na foleni ya magari nyuma. Pia lori halipiti katikati ya mji wa Iringa: mji uko juu kilimani, barabara kuu inapita chini Ipogolo. Chai ya utingo imehamishiwa huko.

Saa. Tanzania iko saa moja mbele ya Zambia na Lubumbashi. Saa mbili asubuhi Tunduma ni saa moja Nakonde, umbali wa kutupa jiwe. Rasimu haikuligusa hilo, na hesabu ya siku ya foleni ikawa na saa iliyozidi. Sasa Shirima hageuzi saa yake. Anaishi kwa saa ya Dar hata akiwa Kasumbalesa, na Kabange anamcheka kwamba anashikwa na njaa mapema.

Upande wa barabara. Tanzania na Zambia wanaendesha kushoto, Kongo kulia. Usukani wa lori la Tanzania uko kulia. Ukishaingia Kongo, dereva anakuwa amekaa upande wa majani, na anayeona gari linalokuja mbele wakati wa kupita lingine ni utingo. Hadi sura ya 13 Shomari hakuwa na kazi ya maana zaidi ya kukagua matairi, kufunga turubai na kuchekesha. Kilomita zipatazo 90 za kutoka mpakani hadi Lubumbashi, maisha ya Shirima yanategemea neno la kijana: "Bado... bado... twende." Hatukulibuni tukio hilo, lilikuwa limekaa barabarani likisubiri mtu asome ramani vizuri. Uhusiano wao wote umesukwa upya kuzunguka maneno hayo matatu.

Miaka. Kituo cha pamoja cha mpaka cha Tunduma na Nakonde, ambapo taratibu za nchi mbili zinamalizwa mahali pamoja, kilizinduliwa 2019. Hadithi ni ya 2018, kwa hiyo Shirima anapanga foleni mara mbili, upande wa Tanzania na upande wa Zambia. Namwinga kumfungia chakula kwenye mfuko wa plastiki ni sawa, kwa kuwa katazo la Tanzania Bara lilianza Juni 2019. Kwacha ya Zambia iliondolewa sufuri tatu Januari 2013, kwa hiyo sahani ya nshima ya "kwacha elfu kumi" imetoka. Kumbukumbu ya Shirima ya safari yake ya kwanza, 1996, ilisema Kongo; wakati huo nchi iliitwa Zaire, na jina lilibadilika Mei 1997. Kwake yeye, akichoka, bado ni Zaire.

Dola. Kongo dola inapita mkononi pamoja na faranga, lakini noti iliyochanika hata kidogo pembeni inakataliwa. Rasimu ilikuwa na Shomari anayekunja noti mara nane na kuificha kwenye soksi. Ameendelea kuikunja, na sasa inamgharimu.

Msamiati wa kazi umekaguliwa mara moja na umepita isipokuwa neno moja. Mwenye gari anaitwa tajiri, hata kama ana lori moja na madeni. Rasimu ilisema "mwajiri". Hakuna dereva aliyewahi kupigiwa simu na mwajiri.

Wiki ya 9: Namwinga

Namwinga ana ualbino. Rasimu ilimleta mganga kwenye ukurasa wa pili baada ya yeye kutokea. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino nchini Tanzania yalitokea kweli na hayafai kufichwa. Lakini hadithi ambayo haiwezi kumwazia mtu huyo bila panga inamfanya windo kwa mara ya pili. Mganga katoka. Kazi ya Namwinga kwenye mkasa ni stakabadhi: yeye ndiye anayegundua kwamba namba ya sili, yaani lakiri inayofungia kontena, haifanani na iliyo kwenye karatasi.

Na hapo uhalisi ulitaka kazi. Ualbino si ngozi tu. Wengi wana uoni hafifu, na mboni za macho hutikisika zenyewe bila kukusudia. Kwa hiyo Namwinga hasomi namba ya sili akiwa amesimama mlangoni, kama rasimu ilivyotaka. Anaisogelea hadi pua inakaribia chuma, au anaipiga picha kwa simu na kuikuza. Maandishi kwenye kompyuta yake ni makubwa, na wenzake wanaosimama nyuma yake wanasoma kazi yake bila ruhusa, jambo linalomkera. Anavaa kofia pana na mikono mirefu, na miadi ya uwanjani anaipanga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi. Losheni yake ya kuzuia jua ni ile inayotengenezwa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC. Ikikawia kufika, mkasa unasogea, kwa maana siku hiyo hatoki ofisini na sili haikaguliwi.

Namna anavyoligundua kosa hilo la namba tumeigeuza. Mwanzoni aliligundua "licha ya" macho yake. Sasa analigundua kwa sababu ya macho hayo: asiyeweza kutupa jicho mara moja husoma tarakimu moja moja, na wenzake walitupa jicho.

Istilahi. Msimulizi anasema mtu mwenye ualbino, au anasema Namwinga, ambalo ni bora zaidi. "Zeruzeru" limebaki mara mbili, kinywani mwa watu wawili ambao msomaji anajua ni watu gani. Kulifuta kabisa kungeifanya Tunduma kuwa ya karatasi.

Jambo la sarufi kwa wanaoandika wahusika wenye ulemavu: kiziwi, kipofu na kilema yana ki- mwanzoni, lakini upatanisho wa mtu ni wa mtu: kiziwi mmoja alikuja, vipofu wawili walikaa. Ukiandika "kilikuja" umemgeuza kuwa kiti, na hilo lilikuwepo sehemu mbili kwenye rasimu bila aliyeandika kujua. Viziwi wa Tanzania wanajiita viziwi, na chama chao kina neno hilo kwenye jina, "bubu" hawalitaki.

Kiswahili kimetupa zawadi moja hapa. Kabla hawajaonana, Shirima na Namwinga wanaandikiana ujumbe wa simu tu. Kiambishi a- hakisemi mwanamume wala mwanamke. Kwa sura mbili Shirima anaamini karani ni kijana wa kiume, na hakuna sentensi hata moja iliyolazimika kudanganya.

Wiki ya 10

Salamu na majina ya heshima. Shomari kumwambia Shirima "mambo vipi" asubuhi, na tofauti yao ni miaka 29: kafutiwa, kapewa shikamoo na "mzee". Kwa makarani wa umri wa kati ni "anko" na "anti". Kabange anamwita Shirima "papa", na hilo limebaki kwa sababu ni kweli. Lililokosewa mwanzoni ni kulitumia kama nukta ya kila sentensi. Upande wa Kibemba, "ba" mbele ya jina la mtu mmoja ni heshima, haimaanishi watu wengi. Mhariri alikuwa amesahihisha "ba Mwansa" kuwa mtu zaidi ya mmoja na kuongeza viti chumbani.

Dereva wa Nakuru anayepita kwenye sura ya 12 anasema bibi yake kajifungua. Kwake bibi ni mke. Shomari, ambaye bibi kwake ni mama wa mama, anakaa kimya dakika nzima. Limebaki kama lilivyo.

Wiki ya 11: wasomaji

Wasomaji kumi, wawili kwa kila msimulizi, mmoja kijana na mmoja mtu mzima. Mmoja peke yake hatoshi: atakupa lugha ya nyumbani kwao na wewe utaiita lugha ya mji mzima. Wamelipwa kabla ya kusoma, ili jibu la "sura hii ichomwe" lisimgharimu mtu chochote. Kila mmoja kapata sura tatu zilizochapwa kwenye karatasi na ombi la kusoma kwa sauti huku simu ikirekodi, kwa idhini yake. Pale ulimi unapokwama, au anapobadili neno bila kujua, ndipo penye kosa. Maoni anayoandika mtu baadaye yana adabu nyingi mno.

Swali ambalo hatukuuliza ni "je, hii inakukera?" Watu husema hapana. Tuliuliza: mtu huyu angenunua wapi muda wa maongezi? Angekaa upande gani kanisani au msikitini? Nani angemkatiza akiongea? Je, angelisema hili mbele ya mama yake? Wasomaji wawili wa Lubumbashi walipingana kuhusu "njo": kijana aliona iko mara nyingi mno, mama aliona ni chache. Katika ubishi wa namna hii tunarudi kwenye wasifu. Kabange ana miaka 47. Mama kashinda.

Maoni moja yalituuma na yamekubaliwa. Shirima alikuwa anahesabu pesa katika kila sura. Ukiangalia moja moja, kila hesabu ina sababu. Ukizipanga pamoja, ni yuleyule Mchaga wa vichekesho. Hesabu saba zimebaki mbili, na tatu zimehamia kwa Swaleh, ambaye ndiye anayedaiwa kodi.

Wiki ya 12

Kipimo cha mistari 40 kimerudiwa kwa msomaji mpya. Kabange na Swaleh walitambuliwa bila taabu. Shirima na Shomari wametengana. Namwinga bado anachanganywa na Shirima kwenye ujumbe wa simu, kwa sababu wote wawili wanaandika sentensi kamili na nukta mwishoni. Pendekezo lililopo: yeye huandika tarakimu siku zote, Shirima huandika namba kwa maneno. Linajaribiwa kwenye sura ya 4 na ya 6.

Yaliyobaki: sura ya 15, ambamo polisi wa Zambia anasema Kiswahili fasaha mno kwa mtu wa Serenje, itaandikwa upya kwa Kiingereza kidogo cha barabarani na Kibemba ambacho Shirima amekiokota kwa miaka 22 ya safari, hasa salamu, namba na maneno ya kuombea msamaha. Sura ya 17 inasubiri msomaji wa Kolwezi, kwa ajili ya simu za Kyungu. Maneno sasa ni 56,300.